Maziwa ya Mwalimu Moriguchi

MWALIMU: Nianze na lile ambalo wanaoisifu filamu hii hulipita haraka. Kokuhaku inamsimamisha mwalimu mbele ya darasa la watoto wa miaka 13, inampa karibu nusu saa ya kusema peke yake, na katika nusu saa hiyo anawatangazia wanafunzi wake wawili kwamba amewatilia damu yenye VVU katika maziwa waliyokwisha kuyanywa. Kisha likizo inaanza. Watu walilipa kiingilio kuliona hilo, na wengi wakatoka wakimhesabu yule mwanamke shujaa. Mimi nafundisha watoto wa umri huohuo. Sijauona ushujaa.

MHAKIKI: Na wewe umepita haraka, Mwalimu. Yuko Moriguchi ni mama aliyezika mtoto wa miaka minne. Manami alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la shule, ikaandikwa ajali, na mama mwenyewe ndiye aliyefuatilia mpaka akajua kwamba waliomuua wamo darasani mwake. Anayasema hayo huku watoto wanapiga soga, wanarushiana vitu, wanaandikiana ujumbe kwa simu. Takako Matsu, aliyeigiza nafasi hiyo, hapandishi sauti hata kidogo. Anaongea kama anasoma ratiba ya mitihani. Mpaka anatamka kwamba mwanawe aliuawa, nusu ya darasa haijamsikiliza.

MWALIMU: Hiyo ya kutosikilizwa naijua bila kwenda sinema.

MHAKIKI: Basi kubali kwamba aliyeitunga hadithi anayajua madarasa. Kanae Minato alifundisha sayansikimu kabla hajawa mwandishi wa kutajwa. Riwaya yake ilitoka 2008, na 2009 ikapata tuzo ambayo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za wauza vitabu wa Japani, watu wanaoshinda madukani wakiona kipi kinanunuliwa na kipi kinalala rafuni. Tetsuya Nakashima akaigeuza filamu, ikaanza kuonyeshwa tarehe 5 Juni 2010, ikaingiza takriban yeni bilioni 3.8. Mwaka uliofuata Akademia ya Filamu ya Japani ikaipa tuzo nne kwa mpigo: filamu bora, uongozaji, muswada na uhariri. Hao wote walidanganyika?

MWALIMU: Wingi wa watazamaji haunijibu. Hata kibaka anapochomwa moto watu hujaa.

MWANASHERIA: Niwakatize, maana mnagombea maziwa na hamjauliza kwa nini yule mama hakurudi polisi na alichokijua. Sababu yake ni moja: sheria ya Japani haimwadhibu mtoto aliye chini ya miaka 14. Ni kweli. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1948, adhabu ya jinai ilianzia miaka 16. Mwaka 1997, mjini Kobe, mvulana wa miaka 14 aliua watoto wawili, nchi ikatikisika. Bunge likaibadili sheria mwaka 2000, na kuanzia Aprili 2001 mpaka ukashuka hadi 14. Haikupita miaka mingi, 2004, huko Sasebo, binti wa miaka 11 akamuua mwanafunzi mwenzake shuleni, naye alikuwa chini hata ya mpaka mpya. Kwa hiyo hofu anayoitumia Minato hakuibuni, ilikuwa imekaa sebuleni kwa kila familia. Yeye alichagua umri tu, na alichagua kwa hesabu kali. Shuya na Naoki, wale wanafunzi wawili, wana miaka 13. Wangechelewa kidogo kutenda, hadithi nzima isingekuwapo.

MHAKIKI: Unaona? Hata wewe unaisifu.

MWANASHERIA: Subiri, sijafika. Chini ya miaka 14 hakuna adhabu, lakini si kwamba hakuna kinachofanyika. Mtoto hupelekwa kituo cha ustawi wa watoto, shauri laweza kufika mahakama ya familia, na mahakama yaweza kumweka katika taasisi ya malezi. Yule binti wa Sasebo alipelekwa huko. Marekebisho ya mwaka 2007 yakafungua hata shule za marekebisho kwa watoto wa kuanzia kama miaka 12, na hapo filamu ilikuwa bado miaka mitatu. Moriguchi anazungumza kana kwamba wale wawili wangeonywa kwa mdomo na kurudi kula chakula cha jioni kwao. Hadithi inahitaji sheria iwe debe tupu. Sheria ikiwa na kitu ndani, kisasi kinakosa kisingizio. Na hilo lina madhara nje ya sinema, kwa sababu kuanzia 2004 idadi ya watoto waliokamatwa kwa makosa Japani ilikuwa inashuka mwaka baada ya mwaka, huku watu wakiamini kinyume chake.

MHAKIKI: Wakili, kosa lako ni kumfanya Moriguchi msemaji wa filamu. Yeye ni sauti ya kwanza tu. Akitoka anaungama Mizuki, kiongozi wa darasa. Mama yake Naoki anaungama kwenye shajara. Kisha Naoki, kisha Shuya. Kila mmoja anajisafisha na kila mmoja kuna anachokificha. Hata kifo chenyewe hakijulikani mpaka uwasikie wote. Shuya alitengeneza kipochi chenye umeme, akampa yule mtoto, mtoto akaanguka, naye akadhani amemuua. Naoki akambeba akamtupa majini. Tunagundua baadaye kwamba Manami alikuwa hai, na kwamba Naoki alijua. Alimtupa kwa sababu Shuya alikuwa amemdharau, akataka kufaulu pale Shuya aliposhindwa. Filamu inayokulazimisha ubadili hukumu mara tano haijakuuzia kisasi.

MWANASHERIA: Mahakamani mashahidi watano wakipingana, hakimu anawahoji. Nakashima anawapigia muziki.

MWALIMU: Asante, Wakili! Hilo ndilo lililonitoa kitini. Damu inatoka pole pole, mvua inashuka pole pole, mawingu yanapita, kila kitu kimepakwa rangi ya kijivu na samawati, na chini yake wimbo wa Radiohead unalia kwa majonzi. Yule bwana alijifunza kazi kwenye matangazo ya biashara na hajaacha. Anapiga picha ya kifo kwa mkono uleule unaouza shampuu. Mtoto anapondwa kichwa, nami nimekaa pale nikiona picha ilivyo nzuri. Nikajichukia.

MHAKIKI: Ulijichukia. Na hilo halikukufikirisha?

MWALIMU: Lilinifikirisha kwamba nimechezewa.

MHAKIKI: Jiulize macho yale ni ya nani. Shuya anaweka uvumbuzi wake mtandaoni, anajirekodi, anataka aonekane. Mama yake, mtaalamu wa elektroniki, alimwacha akarudi kwenye utafiti wake, na mtoto anafanya lolote ili mama asikie jina lake. Kile kipochi kilianza kama kifaa cha kuzuia wezi, kikashinda katika mashindano ya sayansi, akangoja kujiona gazetini. Siku hiyo magazeti yalikuwa yamejaa habari za binti aliyeilisha familia yake sumu. Mtoto akapata somo lake: ubunifu hauingii ukurasa wa mbele, mauaji yanaingia. Sasa wataka ulimwengu wa mtoto huyo upigwe picha namna gani, kwa kamera ya taarifa ya habari? Yeye mwenyewe anauona kama tangazo. Nakashima anatuvisha miwani ya watoto wale, nasi tunalalamika kwamba inapendeza.

MWALIMU: Miwani ya watoto, na watoto wamezuiwa mlangoni. Bodi ya ukaguzi iliipa alama ya R15+. Darasa linaloonyeshwa mle lisingeruhusiwa kuingia.

MWANASHERIA: Lipo la ajabu zaidi. Ai Hashimoto, aliyeigiza Mizuki, alizaliwa Januari 1996. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 14. Alikuwa mkubwa vya kutosha kuigiza kuuawa mbele ya kamera, na mdogo mno kukata tiketi akajitazame.

MHAKIKI: Hilo ni suala la kanuni za sinema, si kosa la filamu.

MWANASHERIA: Sijasema ni kosa. Nimesema ni la ajabu.

MSHAURI NASAHA: Wanangu, mmeitaja VVU mara moja, mwanzoni kabisa, kisha mkaiacha mkaenda kwenye sheria na rangi za picha. Mimi kazi yangu ni kukaa na mtu ambaye ametoka kupewa majibu yake. Kwa hiyo nina swali la mtu wa kazi hiyo: silaha ya Moriguchi ni ipi hasa? Maziwa hayana lolote. Virusi havienei kwa kula na kunywa pamoja. Damu kidogo ndani ya pakiti ya maziwa, ikishuka tumboni, ni vigumu mno imwambukize mtu, na hadithi yenyewe inakuja kuonyesha kwamba hakuna aliyeambukizwa. Silaha ni unyanyapaa. Mtoto anaambiwa ana virusi, darasa linaambiwa wenzao wana virusi, na kazi iliyobaki inafanywa na hofu. Naoki anajifungia chumbani, haogi, lakini kila anachokigusa anakisugua ili asimwambukize mama yake. Mwisho wa njia hiyo mama yuko chini, amekufa kwa mkono wa mwanawe. Nimeshakutana na watu waliotenga sahani, vikombe, hata kamba ya kuanikia nguo. Yule kijana hakuniogopesha. Nilimtambua.

MHAKIKI: Na kama ulimtambua, mama, filamu imefanya kazi yake. Imeonyesha unyanyapaa unavyoua.

MSHAURI NASAHA: Imeutumia kwanza ndipo ikauonyesha. Tazama damu yenyewe imetoka kwa nani. Baba yake Manami, Sakuranomiya, ni mwalimu pia, anaishi na VVU. Hawakufunga ndoa kwa sababu waliogopa mtoto angekuja kunyooshewa kidole. Huyu mwanamke ameyaishi hayo, anajua kwa undani jinsi jina la ugonjwa linavyoweza kumfungia mtu ndani. Halafu analichukua jina hilohilo na kuwavalisha watoto wawili. Ningependa mtu mmoja katika filamu amwambie neno juu ya hilo. Na yule baba? Anakufa mapema, kimya, heshima zote. Kazi yake katika hadithi ni kutoa damu.

MWANASHERIA: Katika riwaya kuna zaidi ya hapo. Sakuranomiya mwenyewe ndiye aliyeharibu mpango, akabadilisha zile pakiti.

MSHAURI NASAHA: Ndiyo nasema. Mtu pekee mwenye virusi ndiye pekee aliyekataa kuvitumia, na ni yeye tusiyemwona vizuri. Lingine hili, maana mnapenda tarehe. Miaka ya 1980 Wajapani wenye hemofilia walitibiwa kwa bidhaa za damu ambazo hazikupashwa moto kuua virusi, na wapatao 1,800 wakaambukizwa VVU. Walipewa na madaktari waliowaamini. Wengi walikuwa watoto. Mwaka 1989 wakafungua kesi Osaka na Tokyo, na mwaka 1996 waziri wa afya, Naoto Kan, akawaomba radhi. Naoto Kan huyohuyo akawa waziri mkuu tarehe 8 Juni 2010. Hesabuni wenyewe: siku tatu baada ya Kokuhaku kufunguliwa. Nchi imempata kiongozi aliyejulikana kwa kuwaomba radhi watu waliopewa VVU ndani ya kitu walichokipokea kwa imani, na juma hilohilo watu wamepanga foleni kumwona mwalimu anayewapa wanafunzi VVU ndani ya kitu walichokipokea kwa imani. Sisemi Nakashima alikusudia. Nasema kumbukumbu ya watu ni fupi sana damu ikipigwa picha vizuri.

MHAKIKI: Hilo sikulijua kwa mpangilio huo.

MSHAURI NASAHA: Sasa umelijua.

MHAKIKI: Lakini bado nina la kusema, na usinione sina adabu. Shuya akiambiwa ana VVU haogopi. Anafurahi! Anatumaini mama yake atasikia mwanawe anaumwa na atakuja. Wenzake wanapomwonea, anajipaka damu yake na kuwasogelea, nao wanatawanyika. Yaani silaha uliyoitaja inageuka mikononi mwa mwenyewe. Darasa lililokuwa linahukumu kwa jina la Manami linakimbia tone la damu. Mwongozaji anayetaka kuuza unyanyapaa hapigi picha hiyo. Ile ni dhihaka kwa watu wenye hofu.

MSHAURI NASAHA: Na mgonjwa wangu akiitazama, yeye anaona nini? Anaona watu wanakimbia damu kama yake, na ukumbini watu wanacheka.

MWALIMU: Na hao waonevu mnawapita. Kwangu hao ndio filamu yenyewe. Wanafunzi wawili waliua. Darasa zima likageuka genge, likaweka hata alama kwa kila anayemtesa Shuya. Mizuki alipokataa, wakamgeukia naye. Wakati huo kuna mwalimu mpya, kijana anayejiita Werther, yeye ni tabasamu tu, anaongoza darasa kwenda nyumbani kwa Naoki na kadi za kumpa moyo. Nilimcheka, kisha nikaona aibu. Sote tumewahi kuwa Werther. Ila tunakuja kuelezwa kwamba kila hatua ya kijana huyo ilikuwa inashauriwa na Moriguchi kutoka nje. Amemtumia mwalimu mwenzake kumsukuma mtoto mgonjwa mpaka ukingoni. Bwana mhakiki, hapo namtetea nani?

MHAKIKI: Hakuna aliyekuomba umtetee mtu.

MWALIMU: Muziki uliniomba.

MWANASHERIA: Nataka tufike mwisho wa filamu, kwa sababu hapo ndipo watazamaji wengi waligawanyika. Shuya anatega bomu kwenye ukumbi wa shule, anabonyeza, halilipuki. Simu inaita. Moriguchi anamwambia amelihamisha, amelipeleka ofisini kwa mama yake Shuya, chuoni. Mtoto amemuua mama aliyekuwa anamtafuta maisha yake yote. Saa inarudi nyuma, mlipuko unarudi nyuma, kijana analia. Moriguchi anamwinamia, anamwambia kwamba hapa ndipo urekebishwaji wake unapoanza, kisha anatamka kwamba anatania. Kuna wanaoamini bomu halikuhamishwa popote, na kwamba tulichokiona kilikuwa kichwani mwa Shuya. Kuna wanaoamini mama alikufa. Kisheria ni mbingu na ardhi: upande mmoja una mauaji ya mtu asiyehusika, upande wa pili una mwanamke aliyezuia mauaji ya halaiki na kumtisha mtoto kwa simu. Filamu inakuacha uchague.

MHAKIKI: Na kila mtu anachagua kwa roho yake. Wanaotaka damu wanasema bomu lililipuka. Kipimo kizuri kuliko hicho sijakiona.

MWANASHERIA: Au mwongozaji amekwepa kutia saini. Anakula utamu wa mlipuko, na ukimdai anasema haukutokea.

MWALIMU: Mwaka huohuo kulikuwa na njia nyingine. Japani ilipeleka Kokuhaku kwenye Oscar, ikafika katika filamu tisa zilizochujwa, haikuingia tano za mwisho. Iliyoshinda ni ya Denmark, ya Susanne Bier, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya. Nayo ina watoto wa shule, uonevu, kisasi, na mvulana anayetengeneza bomu nyumbani. Mle ndani mtu mzima anapigwa kofi mbele ya watoto, anarudi kwa aliyempiga ili watoto waone kwamba haogopi, anapigwa tena, na hajibu. Bomu linapoharibu mambo, mtu huyo, ambaye mwanawe ndiye aliyeumizwa, anapanda juu ya jengo kumtafuta yule mtoto aliyelitega, anamkuta ukingoni, anamshika.

MHAKIKI: Filamu njema, ya watu wema. Niliitazama nikatoka nimetulia. Kokuhaku sikuitoka mpaka leo, na wewe pia hujaitoka, ndiyo maana tunabishana. Moriguchi hana mtu wa kumshika. Mtoto wake amekufa, mchumba amekufa, polisi wameandika ajali, na aliowafundisha kutwa wanamcheka. Ile sehemu anapotoka mgahawani baada ya kuzungumza na Mizuki, anapiga magoti barabarani analia, kisha anaifuta huzuni usoni na kuendelea na safari. Unataka apande jengo amwokoe nani?

MWALIMU: Mizuki.

MHAKIKI: Mizuki aliuawa na Shuya.

MWALIMU: Shuya aliyesukumwa na nani? Mwanamke yule alikaa mgahawani na mwanafunzi wake wa zamani, akaona kwamba msichana huyu anazunguka na kijana ambaye yeye mwenyewe amemtia wazimu kwa makusudi, akamwacha arudi. Kisha Mizuki anapondwa kichwa. Moriguchi alikuja na orodha ya majina mawili. Jina la tatu halikuwamo. Nani anamdai kwa ajili ya huyo? Mama yake Mizuki naye aende kutafuta maziwa?

MHAKIKI: Filamu haikumsahau. Ndiyo maana kifo chake ndicho kinachouma kuliko vyote.

MSHAURI NASAHA: Kiliuma kwako, mwanangu. Moriguchi je?

MHAKIKI: Moriguchi hakuulizwa.

MWANASHERIA: Basi mimi ningeanzia hapo kumhoji.